Kifaa cha Kupima Matumizi ya Oksijeni Mazoezini: Jinsi ya Kuhakikisha Kinasema Kweli, Kuanzia Kampala Hadi Kapchorwa

Makocha na wanafunzi wa sayansi ya michezo huniletea karatasi za aina moja. Kijana aliyeanza mazoezi mwezi jana ana VO2 max (kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, kwa mililita kwa kilo kwa dakika) ya 78, na bingwa wa wilaya ana 41. Swali nalo ni lile lile: mashine imeharibika? Mara nyingi haijaharibika. Imeambiwa uongo kuhusu hewa ya mahali ilipo, au barakoa inavuja, nayo ikapiga hesabu kama ilivyoagizwa.

Mwongozo huu ni wa vifaa vya kubebeka vinavyovaliwa kifuani au mgongoni, vyenye barakoa, kipimo cha mtiririko wa pumzi na kihisi cha oksijeni. Hauhusu kile kidude cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa korona. Kile kinaonyesha damu imebeba oksijeni kwa asilimia ngapi, hakijui misuli inatumia kiasi gani. Wala hauhusu saa ya mkononi, ambayo inakisia tu kutokana na mapigo ya moyo na mwendo.

## Vifaa vya kuandaa

- Kifaa chenyewe, betri mbili zilizojaa, na barakoa za saizi zote. Barakoa moja kwa timu nzima haitoshi.
- Sirinji ya kupimia ya lita 3.
- Mtungi wa gesi ya kusawazishia wenye cheti. Mchanganyiko wa kawaida ni oksijeni 16% na kaboni dioksaidi 5%, iliyobaki nitrojeni. Andika namba iliyo kwenye cheti, usiandike namba uliyozoea: mtungi unaweza kuwa na 15.97.
- Kipima mgandamizo wa hewa. Simu nyingi zina kihisi hicho ndani, na programu ya bure ya kukisoma inatosha.
- Kipimajoto na kipimo cha unyevu.
- Baiskeli ya mazoezi ambayo wati zake unaziamini, au ngazi ya mbao ya sentimita 30. Ngazi hata fundi seremala wa mtaani atakutengenezea.
- Mizani, saa ya kuhesabia, na daftari la karatasi.

Usifunge mtungi wa gesi nyuma ya bodaboda. Usafirishe kwenye gari, umesimama, umefungwa, na regyuleta imetolewa.

## Hatua ya 1: Pata mgandamizo halisi wa hewa hapo uliposimama

Nakaa sana kwenye hatua hii kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoangukia, na mimi mwenyewe niliangukia hapa.

Kifaa hupima ujazo wa pumzi kama ulivyo mahali ulipo, kisha huugeuza uwe ujazo wa hewa kavu, kwenye nyuzi 0, kwenye mgandamizo wa usawa wa bahari, yaani 760 mmHg (milimita za zebaki) au 1013 hPa (hektopaskali). Ugeuzaji huo unaitwa STPD. Bila huo, lita moja ya Entebbe na lita moja ya mlimani Elgon haziwezi kulinganishwa, maana ya mlimani ina oksijeni kidogo ndani yake.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na mgandamizo wake halisi unacheza karibu na 880 hPa. Mji wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya mlima Elgon, karibu mita 1,800, uko kwenye 815 hadi 825. Ukipanda Teryet, kwenye kituo cha mazoezi kilicho karibu mita 2,500, unakuta takriban 750.

Sasa fungua programu ya hali ya hewa kwenye simu yako ukiwa Kampala. Itakuandikia 1015 au 1016. Hapo si kwamba imekosea. Watabiri wa hali ya hewa huipandisha namba kana kwamba kila mji uko ufukweni, ili ramani zao zilingane. Kwa kazi yao ni sawa. Kwa kazi yetu ni sumu.

Ukiiingiza namba hiyo kwenye kifaa kinachopima ujazo kwa turbini (feni ndogo inayozungushwa na pumzi), matokeo yatapanda kwa karibu 15% Kampala, 25% Kapchorwa mjini, na zaidi ya theluthi moja Teryet. Mkimbiaji na barakoa ni wale wale, pumzi ni ile ile, ila hesabu imetoka kwenye hewa ya Mombasa.

Mara ya kwanza nilipopeleka kifaa Kapchorwa, nilisoma mgandamizo kwenye programu ya hali ya hewa, nikauingiza, nikampima binti mmoja wa miaka 19. Kifaa kikaandika 72. Kocha wake, mzee mwenye heshima zake pale, akaniuliza mara mbili, "Daktari, mashine hii ina uhakika?" Mimi si daktari, lakini nilimjibu kwa uhakika wa daktari. Akamwongezea binti kilomita kuanzia wiki ile. Nilipoligundua kosa na kumpima upya, alipata 58. Alikuwa ameshakimbia siku tisa kwenye ratiba ya mtu mwingine, na mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kumuuma mfupa wa mbele. Nilimwomba radhi yeye kwanza, kisha kocha.

Ufanye nini. Soma mgandamizo kwenye kihisi chenyewe cha simu, si kwenye utabiri. Kama kifaa chako kina kipima mgandamizo ndani yake, soma namba yake na uilinganishe na ya simu. Kama hakina, tafuta mwinuko kwa GPS na ukague: katika miinuko yetu, kila mita 10 unazopanda zinaondoa karibu 1 hPa.

Utajuaje umefaulu. Namba ya kifaa na ya simu zinatofautiana kwa hPa 3 au pungufu, na zote mbili ziko chini ya 900. Ukiona namba inayoanza na elfu moja popote Uganda, simama hapo hapo.

## Hatua ya 2: Washa mapema, acha kipate joto

Washa kifaa dakika 30 hadi 45 kabla ya kukisawazisha, hata kama skrini inasema kiko tayari baada ya dakika tano. Vihisi vya gesi hubadilisha usomaji kadiri vinavyopata joto. Ukisawazisha kikiwa baridi, utampima mkimbiaji wa kwanza kwa kipimo kimoja na wa nne kwa kingine.

Kama kilikuwa kwenye buti la gari usiku kucha kule mlimani, kitoe kwenye mkoba kwanza unyevu ukauke. Betri ijae nyumbani. Usitegemee umeme utakuwepo uwanjani.

## Hatua ya 3: Sawazisha kwa hewa safi ya nje

Hewa safi ina oksijeni 20.93% na kaboni dioksaidi karibu 0.04%, iwe Kampala au kileleni. Mlima hupunguza mgandamizo, haupunguzi asilimia. Kifaa hutumia hewa hiyo kama nukta yake ya kwanza.

Tatizo ni chumba. Watu wanane kwenye chumba kidogo cha mazoezi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, na oksijeni inashuka kidogo huku kaboni dioksaidi ikipanda. Kifaa hakijui. Kinaiita hewa hiyo 20.93.

Je, kosa la 0.1 ni kitu? Piga hesabu. Mtu anayekimbia kwa nguvu hutoa pumzi yenye oksijeni karibu 17%. Alichotumia ni tofauti ya 20.93 na 17, yaani 3.93. Ukikosea 0.1 hapo, umekosea 2.5% ya jibu zima. Ukikosea 0.2, umekosea 5%, na tofauti ya 5% ndiyo kocha anaitafuta baada ya miezi mitatu ya mazoezi.

Toka nje, au fungua milango yote na usimame mbali na pumzi za watu. Usisimame karibu na jenereta wala bodaboda zilizowashwa.

Utajuaje umefaulu. Baada ya kusawazisha, acha kifaa kisome hewa ya nje dakika mbili. Kisitoke nje ya 20.90 hadi 20.96. Ukihamia mahali pengine, rudia. Kihisi kilichosawazishwa Kampala kisichojirekebishia mgandamizo kinaweza kusoma 19.4 hivi Kapchorwa. Ukiona hivyo, usidhani kimekufa: kisawazishe tu upya.

## Hatua ya 4: Sawazisha kwa gesi ya mtungi

Nukta moja haitoshi kuchora mstari. Hewa ya nje ni nukta moja. Gesi ya 16% ni ya pili, nayo iko karibu na pumzi halisi ya mtu anayefanya mazoezi. Ndiyo maana haiwezekani kuiruka.

Fungua mtungi taratibu, mtiririko mdogo. Ukiisukuma gesi kwa nguvu kwenye mrija wa sampuli (ule unaopeleka pumzi kwenye kihisi), mgandamizo ndani unapanda na kihisi kinasoma juu.

Kisha fanya kitu ambacho wengi hawafanyi: ukimaliza kusawazisha, rudisha gesi ile ile kana kwamba huijui, usome. Ikitofautiana na cheti kwa zaidi ya 0.1, rudia. Mimi naitaka ndani ya 0.05.

Tahadhari mbili. Kihisi cha oksijeni cha kikemikali hujila chenyewe hata kikiwa kabatini, na kwa kawaida humaliza mwaka mmoja hadi miwili. Kikianza kuyumba au kushindwa kufika kwenye namba ya cheti, kibadilishe. Pili, mrija wa sampuli wa aina ile inayopitisha unyevu usioshwe kwa maji. Tone moja la mate ndani yake, dogo kuliko punje ya ulezi, linatosha kuchelewesha gesi, na hapo kifaa kinaoanisha pumzi hii na hewa ya pumzi iliyopita. Mrija uinulie kwenye mwanga kabla ya kila mtu: ukiona ukungu ndani, weka mwingine.

## Hatua ya 5: Kagua mtiririko kwa sirinji ya lita 3

Unganisha sirinji na kipimo cha mtiririko. Sukuma na vuta mara kumi: chache polepole, chache kwa mwendo wa kati, chache kwa kasi ya mtu anayehema sana. Sababu ya kubadilisha kasi ni kwamba turbini iliyochoka husoma vizuri kwenye kasi ya kati, kisha hupoteza hewa kwenye pumzi ndogo.

Kila mkupuo uwe kati ya lita 2.91 na 3.09, yaani ndani ya 3%. Usiigonge sirinji mwishoni kwa nguvu, na usiiache juani. Hewa iliyopata joto ndani yake imetanuka.

Mikupuo ya polepole ikisoma chini, kagua turbini. Mara nyingi ni unywele au mate yaliyokauka kwenye mhimili.

## Hatua ya 6: Barakoa isivuje

Barakoa inayovuja hushusha namba, kwa sababu pumzi iliyotoroka haihesabiwi. Yule bingwa wa wilaya mwenye 41 nilimkuta na barakoa kubwa, na pembeni mwa pua palikuwa na uwazi unaopitisha kalamu.

Mvalishe, kaza mikanda pande zote mbili sawa, kisha ziba tundu la mbele kwa kiganja na umwambie apulize polepole. Pitisha kidole kilicholowa maji kuzunguka ukingo, anzia kwenye pua. Ubaridi utaonyesha mahali hewa inapotoka. Ndevu nene huvujisha. Mwambie mapema anyoe, au ukubali kwamba hutampima siku hiyo.

Rudia ukaguzi baada ya dakika tano za kupasha misuli. Jasho huitelezesha barakoa.

## Hatua ya 7: Mpime mtu unayemjua kwa kazi unayoijua

Gesi na sirinji hukagua sehemu moja moja. Hatua hii hukagua kifaa kizima kikiwa usoni mwa mtu.

Chagua mtu mmoja mwenye afya asiyebadilisha sana mazoezi yake. Kwangu ni mimi mwenyewe. Ale chakula kile kile cha asubuhi, asinywe kahawa, aje saa ile ile. Aendeshe baiskeli dakika sita kwa wati 100, kisha dakika sita kwa wati 150, mwendo wa pedali usibadilike. Soma wastani wa dakika mbili za mwisho za kila ngazi ya wati.

Kanuni inayotumika sana kwa baiskeli ni hii: mililita kwa kilo kwa dakika = 10.8 × wati ÷ kilo + 7. Kwa mtu wa kilo 70:

- Wati 100: karibu mililita 1,570 kwa dakika
- Wati 150: karibu mililita 2,110 kwa dakika
- Tofauti: karibu 540

Watu hutofautiana, kwa hiyo namba moja ikiwa juu au chini kwa 5% hadi 7% usiogope. Iangalie zaidi tofauti ya ngazi mbili, maana kila wati ya ziada hudai karibu mililita 10 hadi 11 kwa mtu yeyote. Ukiona 1,810 na tofauti ya 620, kila kitu kimepanda kwa 15%. Rudi Hatua ya 1: mtu ameingiza mgandamizo wa pwani.

Kuna jambo zuri hapa kwa sisi tunaopanda na kushuka milima. VO2 max hushuka kweli kadiri unavyopanda juu, kwa hiyo huwezi kuitumia kukagua kifaa kati ya Kampala na Teryet. Lakini gharama ya wati 100 hubaki karibu ile ile popote, kwa sababu kazi ni ile ile. Moyo utapiga haraka zaidi, pumzi zitaongezeka, oksijeni iliyotumika kwa STPD itabaki pale pale. Namba ya mtu wako ikipanda kwa 20% mlimani kwenye wati zile zile, hilo si suala la damu wala asili ya watu wa Sebei, eneo la Kapchorwa. Ni kifaa.

Huna baiskeli ya kuaminika? Baiskeli nyingi za jimu huandika wati za kubuni. Tumia ngazi ya sentimita 30: panda na ushuke mara 24 kwa dakika, metronomu ikipiga 96, mguu mmoja kwa kila mlio. Kanuni ya ngazi inatoa karibu 25.5 kwa kila kilo kwa dakika, yaani lita 1.8 hivi kwa mtu wa kilo 70. Simama wima kabisa juu. Wanaoinama hupunguza kazi.

Angalia pia RER, yaani kaboni dioksaidi inayotoka kugawanya kwa oksijeni inayotumika. Kwenye mwendo mwepesi uliotulia iwe kati ya 0.75 na 0.95. Ikiwa 0.65 au 1.08 mtu akiwa bado anaongea vizuri, kihisi kimojawapo kimepotoka. Vifaa vinavyopima oksijeni peke yake havina ukaguzi huu; uwiano huo huwa vinaukadiria, na sirinji pamoja na baiskeli vinakuwa muhimu maradufu.

Utajuaje umefaulu. Mpime mtu huyo siku tatu tofauti. Namba za wati 100 zikitofautiana kwa chini ya 5%, kifaa kinarudia jibu lake. Zikiruka zaidi ya hapo, usimpime mwanariadha hata mmoja.

## Hatua ya 8: Kwa wanaoandika utafiti, linganisheni kwa njia sahihi

Kurudia jibu si sawa na kuwa na jibu sahihi. Ili kujua usahihi, linganisha na mfuko wa Douglas (mfuko mkubwa wa kukusanyia pumzi yote inayotoka ili ipimwe) au mashine ya maabara iliyokaguliwa: mtu yule yule, ngazi zile zile, siku moja, na mpangilio wa nani aanze ubadilishwe. Hewa ya mfukoni ipimwe mapema, maana kaboni dioksaidi hupenya polepole.

Wanafunzi wengi huniletea grafu yenye uhusiano (correlation) wa 0.97 wakifurahi. Uhusiano mkubwa hausemi kwamba vifaa vinakubaliana. Kifaa kinachosoma 25% juu kila mara kitatoa uhusiano mzuri kabisa. Tumieni njia ya wanatakwimu Bland na Altman ya mwaka 1986: kwa kila kipimo toa kimoja kutoka kingine, tafuta wastani wa tofauti, kisha mipaka: wastani kujumlisha na kutoa mara 1.96 ya mchepuko sanifu (standard deviation, yaani jinsi tofauti zinavyotawanyika).

Tuseme wastani wa tofauti ni mililita +120 kwa dakika na mchepuko ni 90. Mipaka ni kutoka −56 hadi +296. Maana yake kifaa huzidisha, na kwa mtu mmoja kinaweza kuzidisha karibu mililita 300. Kwa kufuatilia kundi kinafaa. Kwa kumwambia kijana mmoja kama amepanda kwa mililita 100, hakifai.

## Hatua ya 9: Uwanjani

Kaza mkoba usicheze mgongoni. Kivuli kabla ya kuanza, kwa kuwa jua la saa saba huchemsha kifaa cheusi. Mvua ikianza, acha.

Mtu yeyote atakayesukumwa hadi mwisho aulizwe kwanza kuhusu moyo, pumu na kuzirai, na awepo mtu wa huduma ya kwanza. Akishika kifua au kuyumba, vua barakoa kwanza, data baadaye.

Ukimaliza mkimbiaji wa mwisho, rudisha gesi ya mtungi usome tena. Ikiwa imehama kwa zaidi ya 0.1 tangu asubuhi, vipimo vya siku hiyo vina walakini, na kocha lazima aambiwe kabla hajaondoka.

## Hatua ya 10: Andika kwenye karatasi

Ukurasa mmoja kwa kila siku, kwa kalamu, kabla ya jina la mwanariadha wa kwanza. Wangu wa mwisho kutoka Kapchorwa unasomeka hivi:

*Mgandamizo 818, simu 819. Nyuzi 21, unyevu 64%. Hewa ya nje 20.93. Mtungi: cheti 15.98, asubuhi 16.00, jioni 15.95. Sirinji 2.96–3.04. Mimi, wati 100: 1,595, Kampala wiki iliyopita 1,570. Barakoa ya mkimbiaji wa pili imebadilishwa, ndogo.*

Ukurasa huo nauambatanisha na matokeo ninayompa kocha. Yule mzee sasa huusoma kwanza, kidole kikiwa kwenye mstari wa mgandamizo, ndipo afungue karatasi ya binti.